Kufundisha Vichocheo: Kutoka Ganda la Korosho Hadi Mbung'o wa Tabora

Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kichocheo ni nini, aghalabu hujibu pasi na kusita: kichocheo ni kitu kiharakishacho mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kushiriki. Nusu ya kwanza ya jibu hilo ni sahihi. Nusu ya pili si kweli. Kichocheo hushiriki, tena kwa ukamilifu. Tofauti yake na vitu vingine vilivyomo ni kwamba kazi ikiisha hurudi katika hali yake ya awali.

Kosa hili si dogo. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kichocheo hakishiriki hawezi kueleza kwa nini malighafi ileile, ikitiwa kichocheo hiki, hutoa kitu kimoja, na ikitiwa kichocheo kingine hutoa kitu tofauti kabisa. Makala hii yakusudia kumpa mwalimu njia ya kulisahihisha, kwa jaribio moja la darasani na kwa historia ya kazi ya mkemia mmoja ambayo matunda yake yanawagusa watu wa Tabora.

Jaribio: kukiona kichocheo kikifanya kazi

Jaribio lililozoeleka mashuleni ni lile la kutia oksidi nyeusi ya manganizi katika peroksidi ya hidrojeni. Povu hutoka, unga huchujwa, hukaushwa na kupimwa, na uzito wake haukupungua. Jaribio hili ni zuri, lakini ndilo hasa lizaalo kosa tulilolitaja. Mwanafunzi huona unga mweusi mwanzoni na unga mweusi mwishoni, akahitimisha kwamba katikati haukutendeka wowote.

Kwa hiyo twapendekeza lifuatiwe na jaribio la kloridi ya kobalti. Mwalimu ayeyushe gramu 5 hivi za tatrati ya sodiamu na potasiamu katika sentimita za ujazo 65 za maji, ndani ya bika kubwa. Aongeze sentimita za ujazo 20 za peroksidi ya hidrojeni ya ujazo 20, kisha apashe moto hadi nyuzi 70 za Selsiasi. Mapovu yatakuwa machache. Ndipo atie kiasi kidogo cha kloridi ya kobalti, gramu 0.2 hivi, iliyoyeyushwa katika maji kidogo. Rangi ya waridi itageuka kuwa kijani, povu litafura kwa nguvu, na mmenyuko ukiisha rangi ya waridi itarejea.

Rangi ile ya kijani ndiyo kiini cha somo. Ni kobalti ikiwa katika hali nyingine, imo kazini. Mwalimu asiliharakishe swali lake: "Kama kobalti haikushiriki, kijani kilitoka wapi?" Awaache wanafunzi wajibizane wenyewe. Kwa kuwa misombo ya kobalti ni sumu na povu hurukia juu, jaribio lifanywe na mwalimu mwenyewe, amevaa miwani ya kukinga macho.

Mkemia na swali lake

Baada ya jaribio, wanafunzi waelezwe kwamba wako watu waliotumia umri wao wote kuichunguza hatua hiyo ya katikati. Mmoja wao ni David Cole-Hamilton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1948. Baada ya kusoma Edinburgh alifanya utafiti London pamoja na Geoffrey Wilkinson, ambaye mwaka 1973 alishiriki Tuzo ya Nobeli na Ernst Otto Fischer wa Ujerumani kwa uchunguzi wa misombo ambayo ndani yake metali imeungana moja kwa moja na kaboni. Kuanzia mwaka 1985 Cole-Hamilton alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti.

Misombo hiyo ina manufaa gani? Atomi ya metali kama rodiamu, paladiamu au rutheniamu yaweza kuishika molekuli ya kaboni kwa muda, ikaigeuza, kisha ikaiachia. Vitu vinavyozungushiwa metali hiyo huamua molekuli ishikwe upande gani. Hapo ndipo uwezo wa kuchagua zao la mmenyuko unapotoka.

Lakini vichocheo vya namna hii huyeyuka pamoja na malighafi, kama chumvi ndani ya mchuzi, na kuvitoa ni kazi ngumu. Metali hizo nazo ni adimu na ghali mno. Sehemu kubwa ya utafiti wa Cole-Hamilton ilihusu tatizo hilo la kukitenga kichocheo na zao lake. Njia mojawapo ilikuwa kutumia kabonidioksidi iliyoshindiliwa sana, ibebe zao na kuliacha nyuma kichocheo. Mwaka 2019 aliongoza pia utengenezaji wa jedwali la elementi ambalo ukubwa wa kila chumba huonyesha wingi au uchache wa elementi hiyo duniani. Jedwali hilo lafaa kubandikwa katika kila maabara.

Tatizo hilohilo limeshughulikiwa na mkemia wa Tanzania. Mwaka 2001 Egid Mubofu, ambaye baadaye alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa York, Uingereza, kichocheo cha paladiamu kilichofungwa juu ya chembe za silika. Kwa kuwa silika haiyeyuki, kichocheo huchujwa na kutumiwa tena.

Ganda la korosho

Sasa tulete somo nyumbani. Mikoa ya Mtwara na Lindi huvuna korosho kwa wingi, na maganda yake aghalabu huhesabiwa kuwa takataka. Ndani ya ganda mna mafuta makali yanayounguza ngozi, kama ajuavyo kila abanguaye korosho. Yakipashwa moto hutoa kabonidioksidi na kubakiza zaidi kitu kiitwacho kadanoli. Molekuli ya kadanoli ina pete ya fenoli yenye mkia wa kaboni 15, na katika mkia huo mna vifungo vya mara mbili.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Quintino Mgani, walichapisha pamoja na Cole-Hamilton njia ya kuufupisha mkia huo. Mwaka 2014 Cole-Hamilton na Lukas Goossen wa Ujerumani walichapisha njia nyingine. Kwa nini waufupishe? Kwa sababu pete ileile yenye mkia wa kaboni 3 ni propilifenoli, mojawapo ya harufu zilizomo katika mkojo wa ng'ombe na nyati, na harufu hiyo huwavuta mbung'o.

Mfano wa msafara

Tendo la kuukata mkia lahitaji mfano, na mwalimu wa Gongoni au kata nyingine yoyote ya Tabora hana haja ya kwenda mbali. Wanafunzi wake wanaishi juu ya njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Mizigo ilipita hasa mabegani mwa wapagazi, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa mbung'o, ambao waliwaua wanyama wa kubeba kwa ugonjwa wa nagana.

Basi na wafikirie wapagazi wawili wawili, kila jozi imebeba mti mmoja mabegani. Jozi ni kifungo cha mara mbili. Kirangozi wa msafara ndiye atomi ya rutheniamu: yeye naye ameshika mti pamoja na kijana mmoja. Akutanapo na jozi, hubadilishana nayo wenzi. Kijana wake huenda na mpagazi mmoja, naye hubaki na yule mwingine. Akutanapo na jozi ya pili hubadilishana tena. Mwisho wa siku jozi zote ni mpya, na kirangozi yupo vilevile na kijana mmoja, tayari kwa jozi nyingine. Je, hakushiriki? Hakuna jozi iliyobadilika bila mkono wake.

Kisha wahesabu kaboni ubaoni. Kwanza mkia huandaliwa ubaki na kifungo kimoja cha mara mbili, kati ya kaboni ya 8 na ya 9. Ukikutanishwa na gesi ya etheni, yenye kaboni 2, jumla ni kaboni 17: mkia mpya wenye kaboni 9, na molekuli ya okteni yenye kaboni 8. Halafu kichocheo cha paladiamu husogeza kifungo hatua kwa hatua mpaka karibu na pete. Mabadilishano yakirudiwa kwa etheni, pete hubaki na mkia wa kaboni 2. Yakifanywa kwa buteni, hubaki na mkia wa kaboni 3. Hidrojeni humalizia. Malighafi ni ileile; vichocheo na wenzi waliochaguliwa ndivyo vilivyoamua zao.

Mipaka ya mfano

Mwalimu asiwaache wanafunzi wakidhani kwamba mbung'o wamekwisha. Harufu peke yake haiui. Huwekwa karibu na mitego au vitambaa vilivyotiwa dawa. Wala mbung'o wote hawavutwi sawasawa: *Glossina pallidipes* kwa jumla huitikia fenoli hizi kuliko *Glossina morsitans*, aliye mbung'o wa mapori ya miombo. Tena kufanikiwa katika chupa ya maabara si kufanikiwa katika kiwanda, hasa kichocheo kikiwa cha metali adimu. Hayo yote ni maswali mema ya mjadala, na yanamrudisha mwanafunzi kwenye tatizo la kukitenga kichocheo.

Hitimisho

Twashauri somo hili lichukue vipindi vitatu: cha kwanza kwa majaribio, cha pili kwa mfano wa msafara na hesabu ya kaboni, cha tatu kwa mjadala. Maganda mabichi ya korosho yasiletwe darasani. Mtihani nao ubadilike. Badala ya kuuliza "Eleza maana ya kichocheo", mwalimu aulize: "Kichocheo kilifanya nini katikati ya mmenyuko, nawe umejuaje?" Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo amekwisha kuelewa somo.