Wagonjwa Ni Mabwana Zetu

Akina mama wenzetu, hapa Kagongwa tumezoea kuona vijana wakirudi kutoka machimbo ya dhahabu na kifua kikuu. Siku moja jumuiya yetu ilikwenda kumtazama mmoja wao. Tulisali mlangoni, tukaacha mchele, tukaondoka. Hakuna aliyeingia ndani, hata sisi wauguzi.

Juma lililofuata, katika semina ya WAWATA, tulijifunza habari za Shirika la Malta. Tuliona aibu.

Shirika hili lilianzia Yerusalemu katika karne ya 11, kwenye hospitali ya mahujaji iliyoongozwa na Mwenyeheri Gerardo. Papa Paskali II alilithibitisha mwaka 1113. Baadaye ndugu hao walishika upanga, wakapigana vita, wakatawala kisiwa cha Rhodes na, tangu 1530, Malta. Mwaka 1798 Napoleon aliwaondoa huko. Upanga ukaisha, uuguzi ukabaki.

Kwa nini ulibaki? Tangu mwanzo kanuni yao ilimwita mgonjwa "bwana", na ndugu wakawa watumishi wake. Katika hospitali yao ya Malta, watoto wa makabaila walipokezana zamu za kuwalisha wagonjwa, hata maskini, kwa vyombo vya madini ya fedha.

Leo makao yao yako Roma, na huduma zao zimefika nchi zaidi ya 120. Bethlehemu wanaendesha hospitali ya wazazi tangu 1990. Kwa majirani zetu, tawi lao la misaada, Malteser International, limesaidia vituo vya afya mashariki mwa Kongo na wakimbizi kaskazini mwa Uganda.

Sisi hatuna vyombo vya fedha. Lakini tulirudi kwa yule kijana. Tulifungua madirisha, tukampikia uji, tukaketi naye. Alisema siku nyingi zilikuwa zimepita bila mtu kumshika mkono.

Mama mpendwa, usiogope kupita kiasi. Kifua kikuu huambukiza kwa hewa, si kwa sahani wala kwa kushikana mikono. Mgonjwa afunike mdomo anapokohoa, hewa ipite nyumbani, naye ameze dawa bila kukosa, kwa kawaida miezi 6. Akizitumia vizuri, baada ya wiki chache kwa kawaida haambukizi tena.

Basi tusiishie mlangoni. Bwana wetu amelala ndani.