Ukimgonga mtu kichwani, nani atakuuliza?

Umewahi kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu? Mimi nimeitwa mara moja tu. Ilikuwa chuoni, kabla sijaacha masomo, na kosa langu lilikuwa kupika ugali kwa koili ndani ya hosteli. Watu watano wazima walikaa upande wa pili wa meza, koili yangu iko mbele yao kama bunduki ya ushahidi. Waliniuliza maswali nusu saa nzima. Nikaandika barua ya kuomba msamaha.

Sasa nikuambie kosa ambalo sikuitwa na mtu yeyote.

Nilikuwa kidato cha tatu, mazoezi ya raga, jioni. Jamaa tuliyekuwa tukiketi naye dawati moja alikuwa na mpira, akakata kushoto. Mimi nilikuwa nimechelewa. Nikarusha mkono, ukampata kati ya shingo na taya. Alianguka kama gunia la mahindi. Kocha akapiga makofi: "Hiyo sasa ndiyo raga!" Jamaa akamwagiwa maji, akainuka. Usiku huo alitapika. Wiki mbili nzima, wakati wa prepu, alikuwa akifunika macho kwa sababu ya taa. Hakucheza raga tena. Na mimi? Nilipewa jina la utani na nikalifurahia.

Nimeikumbuka hiyo jioni kwa sababu siku hizi nafuatilia raga ya Australia, ligi ya NRL. Mechi zao za usiku huku kwetu ni saa za chakula cha mchana, so naangalia nikila chapo madondo. Usichanganye na raga ya Shujaa wetu. Hii ni rugby league, wachezaji 13 kila upande, mchezo uliozaliwa Huddersfield, Uingereza, mwaka 1895, vilabu vilipojitenga kwa sababu ya ugomvi wa kuwalipa wachezaji. Refa wao hata hachomoi kadi. Ukikaba vibaya, anainua vidole kumi, unaenda kukaa nje dakika kumi. Ukivuka mpaka kabisa, unafukuzwa.

Lakini kilichonishika ni kile kinachofuata baada ya mechi.

Kuna kamati inayopitia video za kila mechi. Ikiona mkono au bega limegonga kichwa, mchezaji anashtakiwa hata kama refa hakuona kitu. Kosa linapangwa katika ngazi tatu: uzembe, kutojali, au makusudi. Ukikiri mapema, adhabu inapungua. Ukikataa, unaenda mbele ya jopo lenye wachezaji wa zamani, na wakili wako anakutetea. Mwenyekiti wa jopo hilo kwa miaka mingi alikuwa Geoff Bellew, ambaye amewahi kuwa jaji kamili wa mahakama ya New South Wales. Video inachezwa polepole, inarudishwa, inasimamishwa. Miguu yako ilikuwa wapi? Uliinama? Ulikuwa na nafasi ya kuushusha mkono?

Chukua kisa cha Latrell Mitchell na Joseph Manu. Hawa walikuwa mabeshte. Walichezea Sydney Roosters pamoja na kushinda taji mara mbili mfululizo, 2018 na 2019. Kisha Mitchell akahamia South Sydney. Agosti 2021 wakakutana kama wapinzani, na Mitchell akamgonga Manu usoni. Mfupa wa shavu ukavunjika, msimu wa Manu ukaisha hapo. Refa alimpa Mitchell dakika kumi tu. Kama mambo yangeishia uwanjani, angerudi wiki iliyofuata kama kawaida.

Kamati ilimshtaki kwa kutojali. Akakiri. Mechi sita nje. Oktoba timu yake ilifika fainali bila yeye, ikapoteza kwa Penrith 14-12. Pointi mbili, boss. Na adhabu haikuisha na msimu, ilivuka hadi 2022.

Najua utasema: lakini hakukusudia! Ndiyo hoja inayotolewa kila mara, na mimi pia nimeishi nayo miaka mingi. Lakini angalia Joseph Sua'ali'i. Juni 2024, umri miaka 20, mechi yake ya kwanza kabisa ya State of Origin, ile derby kubwa kati ya New South Wales na Queensland. Dakika ya saba, bega lake likagonga kichwa cha Reece Walsh. Walsh hakurudi uwanjani. Sua'ali'i akafukuzwa, timu yake ikacheza na watu 12 na kulimwa 38-10. Baadaye akafungiwa mechi nne. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba ana roho mbaya. Sheria inasema anayekaba ana jukumu la kulinda kichwa cha anayekabwa. Ukichelewa, ukishindwa kuinama, hilo ni lako.

Si kwamba mfumo wao hauna kasoro. Hii biashara ya kukiri mapema inanisumbua. Fikiria unaamini kweli mpinzani aliteleza akaja chini kwenye mkono wako. Ukienda kujitetea ukashindwa, unakosa mechi nyingi kuliko ukikiri. Fainali iko karibu. Utafanya nini? Wengi wanapiga hesabu, wanakiri, basi. Pia mashabiki hulia kwamba ukali hupanda na kushuka. Mei 2021, katika wikendi moja ya mechi nane pale Brisbane, wachezaji 14 walitolewa kwa dakika kumi na watatu wakafukuzwa kabisa. Watu walilalamika eti raga imeuawa.

Raga haikufa. Wanaokufa ni watu. Paul Green alikuwa mchezaji, kisha kocha aliyeipa North Queensland Cowboys ubingwa wa 2015. Alifariki Agosti 2022 akiwa na miaka 49. Ubongo wake ulipochunguzwa, ulikutwa na CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Huu haonekani mtu akiwa hai kama vile mfupa uliovunjika unavyoonekana kwa eksirei.

Sasa rudi kwetu. Hapa katikati ya wiki hakuna jaji anayesubiri vijana wa kidato cha tatu, na sisemi tumlete. Lakini kila timu ina mtu mwenye simu inayorekodi. Kocha, badala ya kupiga makofi, ungeweza kumkalisha kijana dakika tano ukamwonyesha video: mkono wako ulikuwa wapi, ungeinama lini? Kisha umweke nje mechi moja, hata kama ni nyota wako na kesho mnacheza nusu fainali. Na yule aliyeangushwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata akiapa yuko sawa. Mwite mzazi. Mpeleke hospitali.

Na wewe unayecheza, usingoje kuitwa. Ukijua ulichelewa, sema ulichelewa.

Kabla ya kuandika haya nilimtafuta yule jamaa. Tumepotezana miaka, siku hizi anauza simu Thika. Nikamwandikia yote: jioni ile, mkono, jina la utani, kwamba sikukusudia lakini nilichelewa na nilijua nimechelewa. Tiki zikawa buluu. Alikaa karibu saa tatu bila kujibu.

Kisha akaandika: "Bro, mimi hata siikumbuki hiyo mechi. Mamangu ndiye anaikumbuka."

Nimemwomba namba ya mamake. Nitampigia Jumapili baada ya kanisa, na kwa mara ya kwanza mtu ataniuliza.