Kwa nini mutoto wa mugodi anatafuta Berea

Bandugu wafanyakazi, bamama wa makampa, wengi wenu mumekuja kutuuliza kwa sendika neno moja: ni kweli binti wa mwenzetu wa Kolwezi anatafuta shule ndogo ya Marekani, wakati Polytechnique ya Lubumbashi iko hapa karibu? Ndiyo, ni kweli. Binti anamaliza ya sita ya math-physique, papa yake anaendesha benne mu mugodi. Shule ile inaitwa Berea, iko mu Kentucky. Tulikaa naye na wazazi wake, tukasikiliza sababu zake. Tunawaeleza leo, juu nyumba nyingi ziko na mutoto wa namna hii.

Shule iliyozaliwa mu mapambano

Berea ilianzishwa mu 1855 na John G. Fee, mchungaji aliyepinga utumwa, mahali ambapo watu weusi walikuwa wangali wanauzwa sawa ngombe. Mu 1859 wenye kutetea utumwa walimufukuza pamoja na wenzake. Vita ya Marekani ilipoisha walirudi, na weusi na weupe, wanaume na wanawake, wakasoma mu kalasi moja. Neno la shule limetoka mu Matendo ya Mitume, sura ya 17: wanadamu wote ni wa damu moja.

Mu 1904 serikali ya Kentucky iliweka sheria ya kukataza weusi na weupe kusoma pamoja. Berea ilienda mu tribinali, ikafika mpaka kwa tribinali kubwa ya inchi, na mu 1908 ikashindwa. Ni mu 1950 tu, sheria ilipobadilishwa, wanafunzi weusi waliweza kurudi. Binti alituambia hii njo sababu yake ya kwanza: shule inayojua maana ya kushindwa na kungoja, haitamucheka mutoto anayetoka mbali.

Watu wa makaa ya mawe

Sababu ya pili inatugusa sisi. Berea iko pembeni ya milima ya Appalachia, na wanafunzi wake wengi wanatoka mu milima ile. Kule watu wamechimba makaa ya mawe vizazi na vizazi, sawa wazee wetu kule Luena. Walikaa mu manyumba ya kampuni, walinunua mu duka la kampuni, mapafu yao yalijaa vumbi. Mu wilaya ya Harlan, myaka ya 1930, wachimbaji na walinzi wa makampuni walipigana kwa bunduki juu ya haki ya kuwa na sendika. Sisi tunaokumbuka grève ya Desemba 1941 na waliouawa mu stade ya Elisabethville, hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kuna mutu mumoja binti anamutaja kila mara: Carter G. Woodson. Alizaliwa mu 1875, wazazi wake walikuwa watumwa. Alifanya kazi mu mashimo ya makaa ya West Virginia. Jioni, kwa nyumba ya mchimbaji mwenzake, alikuwa anawasomea magazeti wale wasiojua kusoma. Aliingia shule ya sekondari akiwa na karibu myaka 20. Akapata diplome ya Berea mu 1903, mwaka mumoja mbele ya ile sheria mbaya. Mu 1912 alikuwa dokta wa historia wa Harvard, na mu 1926 alianzisha wiki ya historia ya watu weusi, ile ambayo leo imekuwa mwezi muzima wa Februari. Mutu wa shimo njo aliwafundisha Wamarekani historia yao.

Hakuna minerval, lakini kuna kazi

Sababu ya tatu ni makuta, na hapo papa alifungua masikio. Toka 1892 Berea hailipishi minerval. Kila mwanafunzi, akiwa mutoto wa nani, anafanya kazi ya shule saa 10 hivi kwa wiki ao zaidi: mu shamba, mu biblioteke, mu hoteli ya shule, mu atelye ya kufuma nguo, ya mbao, ya kutengeneza mifagio. Kazi inahesabiwa sawa sehemu ya masomo, na mwanafunzi anapata malipo kidogo.

Wanatoa wapi feza? Mu 1920 wakubwa wa shule walikata neno: urithi ambao watu wanaachia shule bila kusema utumiwe namna gani, haulwi. Unawekwa pembeni, unazaa, na wanatumia matunda yake. Leo akiba ile imepita dola miliari moja. Sisi wenye kuona mali ikitoka mu udongo wetu kila siku, tufikiri kidogo hapo.

Atasoma nini?

Hii njo iliwasumbua wazazi. Papa alisema wazi: «Mie nilitaka enjenia. Huko atarudi na nini?»

Kwetu, ukipata diplome ya État, unachagua fakilte siku ileile: mines, droit, médecine. Koleji ya namna ya Berea (si collège yetu ya batoto, ni masomo ya juu ya myaka mine) inafanya vingine. Mwanzoni mwanafunzi anasoma historia, hesabu, siyansi, kuandika, kuongea mbele ya watu. Nyuma yake njo anachagua somo lake kubwa. Kalasi ni ndogo, mwalimu anakujua jina. Shule nzima iko na wanafunzi 1.500 hivi.

Binti anataka kusoma kemia ya maji, lakini anataka pia kujua sheria na kuandika vizuri. Alituuliza: sheria ya mines ya 2018 inasema kampuni itoe angalau 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wa karibu, kati yetu, ni nani anaweza kusoma hesabu ile, kuona kama iko kamili, kisha kuielezea mamá wa soko? Tulinyamaza. Tuko na maenjenia. Mutu wa kuunganisha maji ya muto, namba za kampuni na mudomo wa raia, huyo ni haba.

Woga wa wazazi

Mama anaogopa kwamba mutoto akienda hatarudi. Ni woga wa kweli, na hatutaki kuuficha: wengi walienda, wakabaki. Hakuna karatasi ya kumufunga mutoto arudi. Kuna malezi tu, na kazi ya maana itakayomungoja hapa. Hiyo ya pili ni mzigo wetu sisi wakubwa.

Kingine: nafasi ni chache sana. Berea inachukua wanafunzi kidogo wa inchi za inje kila mwaka, toka dunia nzima. Mwaka wa kwanza inawalipia yote. Myaka inayofuata inawaomba wachunge makuta ya kazi ya likizo. Lazima kujua Kiingereza vizuri na kupita mtihani wake. Visa inaombwa kwa ambassade Kinshasa, na inaweza kukataliwa. Njo maana binti ataandikisha pia jina Lubumbashi. Tulimusifu kwa hiyo.

Kwa wazazi wengine

Mutoto wenu akitaka njia hii, aanze Kiingereza mu ya ine, asingoje ya sita. Muchunge bulletins zote, na passeport isingoje siku ya mwisho. Kuomba nafasi Berea ni bure: mutu akiwaambia mumulipe dola juu ya «kupitisha dossier», huyo ni mwizi, mumufukuze.

Na muwaulize batoto wenu swali tulilomuuliza binti: kwa nini shule ile, si ingine? Akijibu «juu ni Marekani» tu, bado. Akijibu kwa kutaja kazi anayotaka kufanya na watu anaotaka kutumikia, basi muuze kuku, mumusaidie. Sisi wa sendika tutamuandikia barua ya kumushuhudia, sawa tulivyomuandikia huyu.