Swichi ya rubani na ishara ya ndege iliyoanguka

Juni 10, 2024, ndege ya kijeshi iliyombeba Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, ilianguka katika msitu wa Chikangawa. Mabaki yake yalipatikana siku iliyofuata. Katika misitu ya namna hiyo, kinachoweza kufupisha msako ni kifaa cha ishara ya dharura, chenye betri yake, kinachotuma ujumbe kwa setilaiti kwenye masafa ya megahezi 406.

Kifaa hicho kwa kawaida hufungwa mkiani, sehemu ambayo mara nyingi husalimika ndege inapoanguka. Rubani hawezi kukifikia akiwa angani. Ndiyo sababu fundi huvuta nyaya hadi mbele ya rubani na kuweka swichi yenye taa. Injini ikizimika, rubani huiwasha kabla ya kishindo. Taa ikiwaka baada ya kutua kwa nguvu, hujua kwamba ishara inatoka bure, akaisimamisha kabla waokoaji hawajatumwa. Nyaya zikikatika katika ajali, kifaa chenyewe kinapaswa kuendelea kutuma.

Jambo linalosahaulika kwa urahisi, na pengine la hatari zaidi, ni msimbo. Ujumbe hubeba namba ya nchi ambako ndege imesajiliwa. Ndege iliyouzwa kutoka Kenya kwenda Malawi bila kubadilishiwa msimbo itawapeleka waokoaji kwa mmiliki wa zamani, wakimuuliza habari za abiria asiowajua.