Kadi ya Mahali Patulivu: Nenda na Mto Wako

Kila mara simu inapoingia kutoka Nanyuki, Nyeri au Karatina, sisi tulioko Uingereza huulizwa mambo yale yale: ule mtihani wa kuzungumza Kiingereza uko vipi, na nikipewa kadi ya kueleza mahali patulivu ninapopapenda, niseme nini? Makala haya yanajibu maswali hayo mawili.

Tuanze na mtihani wenyewe. Sehemu ya kuzungumza ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS huchukua dakika 11 hadi 14 mbele ya mtahini mmoja, na mazungumzo yote hurekodiwa. Kwanza huja maswali mepesi kuhusu nyumbani, kazi na masomo. Pili huja kadi: unapewa mada, karatasi na penseli, unajiandaa kwa dakika 1, kisha unazungumza peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Mwisho ni mjadala wa dakika 4 hadi 5 unaoipanua mada ya kadi. Alama hutolewa kwa mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, upana wa msamiati, sarufi, na matamshi. Hakuna alama inayotolewa kwa uzuri wa mahali ulipopachagua.

Uzito wa jambo hili tunaujua. Muuguzi anayetumia IELTS kujisajili na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, anahitaji alama 7 katika kuzungumza, kusikiliza na kusoma, na 6.5 katika kuandika. Mwaka 2021, baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa ajira za wahudumu wa afya, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Habari hiyo ilituuma wengi, kwa sababu watu wetu husoma kwa Kiingereza tangu utotoni. Kujua lugha na kuisimulia kwa dakika mbili bila kuulizwa swali ni mambo mawili tofauti, na hilo la pili hatufundishwi sana shuleni.

Kosa la kwanza huanzia kwenye tafsiri. Mtahiniwa akiisoma kadi, kichwani linamjia neno kimya. Basi anatafuta mahali pasipo na sauti: chumba cha kulala, maktaba, kanisa lililo tupu. Baada ya sentensi nne maneno yamekwisha, kwa kuwa kimya hakina cha kusimuliwa. Neno la kushika ni utulivu. Kimya ni cha masikio, utulivu ni wa moyo, na mahali patulivu huwa pamejaa sauti: maji juu ya mawe, upepo katika mierezi, mbega wakiitana msituni. Hizo sauti ndizo zitakazokupa msamiati.

Kosa la pili ni kukariri. Nami nililifanya. Mara yangu ya kwanza nilieleza ufuo wa Diani, ambako sikuwa nimefika, kwa maneno niliyoyatoa kwenye kitabu cha mazoezi. Mtahini aliponiuliza swali moja dogo la nyongeza, sikuwa na jibu, maana sikuwa na kumbukumbu. Mara ya pili nilieleza ukingo wa Mto Nanyuki, mahali tulipokuwa tukiteka maji tukiwa watoto, na dakika mbili zikaisha kabla sijamaliza.

Mfano bora wa simulizi ya namna hii ulitolewa na binti wa Nyeri. Tarehe 10 Desemba 2004, akipokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo, Wangari Maathai alifunga hotuba yake ya Kiingereza kwa kukumbuka kijito kilichokuwa karibu na kwao. Alieleza alivyokwenda kumtekea mama yake maji, akanywa pale pale kijitoni, akacheza kwenye majani ya nduma, akijaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, nayo yakimkatikia vidoleni. Baadaye akaona viluwiluwi wakiogelea. Kisha akasema kwamba zaidi ya miaka 50 imepita, kijito kimekauka, na kina mama wanatembea mbali kutafuta maji.

Tazameni alichokifanya. Alitaja mahali, kazi iliyompeleka, vitu vya kushikika kwa mkono, mabadiliko ya miaka, na uchungu wake. Kadi nayo huuliza karibu hayo hayo: ni wapi, ulipajuaje, huenda kufanya nini, na kwa nini unapapenda. Maneno yake yalikuwa mepesi. Uzito ulitokana na ukweli.

Basi, katika ile dakika 1 usiandike sentensi. Andika vidokezo: mtoni, alfajiri, mtungi, mlima, sasa. Kila kidokezo kibebe wakati wake. Mtungi ni wa zamani: nilikuwa nikienda na dada yangu. Mlima ni wa mazoea: alfajiri kilele cha Batian cha Mlima Kenya, mita 5,199, huonekana wazi, na kabla ya adhuhuri mawingu huwa yamekifunika. Sasa ni ya leo: siku hizi napafikiria nikitoka zamu ya usiku. Ukimaliza na kile ambacho ungefanya kama ungekuwa huko leo, umeonyesha sarufi ya nyakati nne bila kujilazimisha.

Angalieni pia mitego miwili ya kwetu. Yeye wa Kiswahili hana jinsia, kwa hiyo ukimtaja dada yako kuwa makini asigeuke mwanamume katikati ya simulizi. Na sisi tuliolelewa na Kikuyu hubadilishana r na l. Kwa Kiingereza, mto (river) ukitamkwa vibaya huwa ini (liver). Lafudhi yako si kosa, lakini msikilizaji lazima akuelewe.

Katika mjadala wa mwisho unaweza kuulizwa kwa nini watu wa mijini wanahitaji utulivu. Nanyuki inakupa jibu: mji wa soko, wa wanajeshi na wa watalii, unaozidi kukua, na ambao treni ya abiria kutoka Nairobi iliurudia mwishoni mwa 2020. Ukingo wa mto unapungua, na watu bado wanauhitaji.

Ndugu na dada mnaojiandaa, kabla ya kununua kitabu kingine cha majibu, nendeni mahali penu asubuhi moja. Kaeni nusu saa, sikilizeni, kisha pasimulieni kwa sauti, kwa Kiingereza, dakika mbili kamili. Rudieni kesho yake kwa maneno mengine. Nasi tulioko huku tukipigiwa simu, tusiwatumie majibu yetu ya zamani. Tuwaombe watusimulie mto wao, na tuwasikilize hadi mwisho.