Utangulizi: Kupima Mifumo Endeshi kwa Haki

Mwanafunzi anayeingia maabara ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, hapa Kakamega, kwa kawaida ana prosesa za koo mbili: ya mfukoni na ya mezani. Simu yake hutumia ARM, usanifu uliozaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. Kompyuta ya mezani hutumia x86, ukoo wa Intel 8086 ya mwaka 1978. Linux huendesha zote mbili, maana Android imejengwa juu yake. Basi Linux ina kasi zaidi wapi?

Likiulizwa hivyo, swali hilo halijibiki. Mwaka 1990 John Ousterhout alilinganisha mashine za aina kadhaa akaonyesha kwamba prosesa mpya ziliongeza kasi ya hesabu kuliko zilivyoongeza kasi ya kazi za mfumo endeshi, kwa kuwa kumbukumbu na diski zilibaki nyuma. Mwaka 1996 Larry McVoy na Carl Staelin wakatoa lmbench, mkusanyiko wa vipimo vidogo, kila kimoja na swali lake: ombi moja kwa kerneli huchukua muda gani? Kuhama mchakato je?

Jaribu mwenyewe. Andika programu fupi inayoiuliza kerneli namba ya mchakato mzazi mara milioni kumi, uiendeshe kwenye Raspberry Pi 4 na kwenye laptopu ya x86. Pi ikifika nyuzi 80 za joto hujipunguzia kasi. Laptopu nayo, stima ikipotea mvua ya alasiri inaponyesha, huhamia betri na mara nyingi hupunguza mwendo. Hapo umepima joto na betri.

Tuseme umeyadhibiti hayo. Januari 2018 kasoro ya Meltdown ilitangazwa, na Linux ikaanza kutenga kurasa za kerneli na za programu kwenye prosesa nyingi za Intel. Kila ombi likawa ghali zaidi. Prosesa za AMD, ambazo ni x86 vilevile, hazikuguswa na kasoro hiyo. Kwa hiyo pengo unaloliona laweza kuwa gharama ya ulinzi, wala usanifu usihusike. Ukubwa wa kurasa nao: x86 huanzia KB 4, ilhali ARM ya biti 64 inaweza kujengewa kerneli ya KB 4, 16 au 64.

Ndiyo maana nasisitiza kulinganisha mashine na nafsi yake kwanza. Badilisha kitu kimoja, pima tena, ujue matokeo yake huyumba kiasi gani kabla hujaileta mashine ya pili.

Sura ya kwanza inaanza na saa. Kaunta ya TSC kwenye x86 za kisasa hupiga kwa mwendo uleule hata prosesa ikipunguza kasi, hivyo inachohesabu ni muda tu. Haihesabu mizunguko ya kazi. Ya Pi 4 hupiga mara milioni 54 kwa sekunde: tendo la nanosekunde 10 likipimwa mara moja tu, huenda lisionekane kabisa.