Kisu Ghali, Kisu Kikali? Hesabu ya Makali Kandokando ya Ziwa Victoria

Waliotangulia kugharimika kwa ajili ya makali mazuri kandokando ya Ziwa Victoria hawakuwa na shilingi mfukoni. Hata mfuko hawakuwa nao. Huko Nyayanga, kwenye rasi ya Homa katika kaunti ya Homa Bay, watafiti wamefukua mawe yaliyochongwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita, yakiwa pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Habari hizo zilichapishwa katika jarida la Science mnamo Februari 2023. Mwaka 2025 ukafuata utafiti mwingine kuhusu mahali mawe yenyewe yalikotoka. Miamba ya hapo jirani ilikuwa laini mno, haishiki makali, kwa hiyo wachongaji walileta mawe magumu kutoka umbali wa hadi kilomita 13.

Kwa maneno mengine, kulikuwa na jiwe la bure mlangoni, na kulikuwa na jiwe bora lililotaka mwendo wa kutwa kwenda na kurudi. Kuna waliouona mwendo huo kuwa na faida.

Ubishi huo haujaisha. Leo unasikika kwenye mabucha ya Kondele mjini Kisumu, kwenye meza za samaki za Dunga na kwenye mashamba ya miwa ya Muhoroni: je, kisu cha kazi nzito chenye bei ya kuumiza kina maana, au chuma chochote kitakata mradi kimenolewa? Wa upande mmoja husema rahisi huvunja upishi, na kwamba anayenunua kisu cha mia tatu atarudi dukani kabla hajakizoea. Wa upande wa pili hujibu kwamba jina lililochorwa ubavuni halijawahi kukata mfupa. Ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba mara nyingi hawazungumzii kazi moja.

Ugumu na uvumilivu

Mafundi hupima ugumu wa chuma kwa kipimo kiitwacho Rockwell. Panga la kawaida la shamba huwa na nambari za arobaini na kitu, likipanda sana hukaribia 50. Visu vya jikoni vya Ujerumani na Uswisi huwa kati ya 55 na 58. Vile vya Kijapani vinavyosifiwa na wapishi wa hoteli kubwa huvuka 60. Kadiri nambari inavyopanda, ndivyo makali yanavyodumu kabla ya kuhitaji kunolewa, na ndivyo chuma kinavyokuwa kikavu. Chuma kikavu hakipindi kikigonga mfupa. Kinamegeka.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Kisu cha Kijapani cha shilingi elfu ishirini kitapasua nyanya kama hewa, lakini mpe mtu akitumie kukata uti wa mgongo wa samaki mkubwa aina ya mbuta, nacho kitarudi na meno kama msumeno. Panga la mia tano litafanya kazi hiyo asubuhi nzima, na likiwa butu mwenyewe atachukua tupa na kuliamsha palepale. Tupa yenyewe ina ugumu wa zaidi ya 60, ndiyo maana inaweza kulila panga. Kwenye kisu kigumu sana itateleza tu. Ulaini wa panga basi ni uamuzi wa kiwanda, kwani lilikusudiwa kunolewa shambani, mbali na mashine na umeme.

Mbuta, ngege na mgongo wazi

Mbuta, ambaye Mwanza humwita sangara, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Anaweza kukua hadi mita 2 na kufikia kilo 200, ingawa samaki wa ukubwa huo wamekuwa adimu. Viwanda vya minofu vilipoongezeka Kisumu kuanzia miaka ya 1980, kazi ya kisu iligawanyika mara mbili. Ndani ya kiwanda, mfanyakazi alihitaji kisu chembamba kinachopinda kidogo ili kifuate mfupa bila kuacha nyama. Nje ya kiwanda, mtaani Obunga, akina mama walinunua mifupa iliyobaki, maarufu kama mgongo wazi, wakaikatakata na kuikaanga kwa ajili ya watu wasiomudu minofu inayopelekwa Ulaya.

Kwa kiwanda, kisu cha bei kilikuja kuwa jambo la lazima. Kati ya 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usafi na usalama wa chakula, na viwanda vikabanwa virekebishe utaratibu wao. Mpini wa mbao hunyonya maji na damu, na kutu haina nafasi kwenye meza ya mkaguzi. Kisu chenye kromu ya kutosha na mpini wa plastiki usio na nyufa, kama vile vya Victorinox ya Uswisi, kampuni iliyoanza 1884, hutimiza masharti hayo. Bei yake ni mara kadhaa ya kisu cha sokoni, lakini hata hivyo si cha anasa. Ni kifaa cha wachinjaji na wakata samaki duniani kote, na chuma chake si kigumu kupita kiasi, kwa hiyo makali yake yanarudi haraka kikipitishwa kwenye chuma cha kunolea.

Kwenye vibanda vya ufuoni mambo ni mengine. Ngege huparwa magamba, hutumbuliwa, kisha huchanjwa ubavu huu na ule ili chumvi na mafuta yapenye. Kazi hiyo inataka kisu kifupi, chembamba, chepesi mkononi. Kisu kinene cha kijeshi kingemchana samaki vibaya. Kamongo ana ngozi ngumu na utelezi, naye anadai ncha kali kuliko uzito. Omena hahitaji kisu kabisa.

Miwa haina huruma

Anayetaka kuona chuma kikijaribiwa aende ukanda wa miwa mashariki ya Kisumu, kuanzia Kibos na Miwani hadi Chemelil na Muhoroni. Miwani ndiko kilikoanzia kiwanda cha sukari cha kwanza nchini, mwaka 1922. Mkataji hulipwa kwa tani, na sukari nyingi imo sehemu ya chini ya muwa, kwa hiyo inambidi akate karibu kabisa na ardhi. Kila pigo linakutana na udongo na vijiwe, na majani ya muwa yenyewe yana chembechembe za silika zinazosaga makali. Hakuna chuma cha bei yoyote kitakachomaliza kutwa humo bila kuguswa na tupa.

Sifa za panga jema la miwa zinajulikana: bapa jembamba la milimita 2 hivi, urefu wa kutosha kuipa ncha kasi, na uzito usiochosha bega. Nguvu ya pigo hutokana zaidi na kasi kuliko unene. Hii ndiyo siri ya mapanga yaliyojijengea jina Afrika kwa zaidi ya karne, kama yale yenye alama ya mamba ya Ralph Martindale, kampuni iliyoanzishwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1874, au yale ya Tramontina ya Brazil, iliyoanza 1911. Yalisifiwa kwa sababu moto wake ulipimwa vizuri: kila panga lilikuwa na ugumu uleule kuanzia mpinini hadi nchani. Tofauti ya bei kati ya panga la namna hiyo na la bati laini lisilo na jina ni ndogo, na hapo hakuna haja ya kubishana sana. Mnunuzi aongeze tu shilingi hizo chache.

Ipo pia bidhaa ya kigeni yenye mvuto zaidi: kisu cha msituni. Mfano maarufu ni Ka-Bar ya Marekani, kilichochukuliwa na wanamaji wa nchi hiyo mwaka 1942, chenye bapa la inchi 7 na mpini wa ngozi. Huko kwao kinauzwa karibu dola 100. Kikiongezewa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, mnunuzi wa Kisumu atakuwa ameshaaga shilingi zaidi ya elfu kumi na tano. Ni kisu imara kwelikweli. Lakini kilibuniwa kwa ajili ya askari aliyebeba kifaa kimoja cha kupigania, kufungulia makopo na kuchongea vijiti. Mtu wa ufuoni hutembea na panga kwa ajili ya kichaka na kisu kidogo kwa ajili ya samaki, na kila kimoja kitakishinda kisu hicho kwenye kazi yake. Ngozi ya mpini nayo, ikishinda kwenye unyevu, hufanya ukungu na kuoza.

Wahunzi wa Samia na springi za lori

Hoja ya tatu katika ubishi huu husahauliwa na pande zote: kisu bora kinaweza kutengenezwa hapahapa. Vilima vya Samia, kaskazini mwa ghuba ya Kisumu, vina madini ya chuma, na wahunzi wake walijulikana kabla ya ukoloni kwa majembe yaliyosafiri mbali, yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka na kuingia hata kwenye mahari. Reli ilipofika Port Florence, Kisumu ya leo, mnamo Desemba 1901, majembe na mapanga ya viwanda vya Ulaya yalianza kumiminika. Yalikuwa ya bei ya chini, na tanuru za kuyeyusha madini zikazimika moja baada ya nyingine.

Ufundi wenyewe haukufa. Siku hizi mali ghafi ni springi za magari makuukuu. Chuma cha springi kina kaboni ya takriban asilimia 0.6, kinashika ugumu na kuvumilia kishindo, sifa zilezile zinazotakiwa kwenye panga au kisu cha bucha. Fundi wa jua kali hukipasha hadi kiive wekundu, akakifua, akakizamisha kwenye mafuta, kisha akakirudishia moto wa taratibu ili kipunguze ukavu. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayomtofautisha fundi na mpiga nyundo. Ikirukwa, kisu kitavunjika siku ya kwanza. Ikizidishwa, kitapinda.

Kuna njia nyepesi ya kujua kama chuma ni cha springi au ni cha bati la geti. Kikiguswa kwenye jiwe la mashine, chuma chenye kaboni hutoa cheche zinazopasuka mwishoni na kutawanyika, ilhali chuma laini hutoa mistari mirefu isiyo na matawi. Mafundi wazoefu hawaoni haya kuonyesha cheche hizo mbele ya mteja.

Nani alipe zaidi?

Hesabu haihitaji mtaalamu. Tuseme mwenye bucha ananunua kisu cha shilingi 6,000 na kukitumia siku sita kwa wiki kwa miaka mitano. Hizo ni siku 1,560, na kila siku kisu kimemgharimu chini ya shilingi 4. Jirani yake ananunua cha shilingi 300, kinamfia kila baada ya miezi miwili. Katika muda huohuo atakuwa amenunua visu 30 na kutumia shilingi 9,000, mbali na nyama iliyochanika na vidole vilivyokatika. Kisu butu hulazimisha mkono kusukuma kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu huteleza. Sasa mchukue mpishi wa nyumbani anayekata kuku Jumapili tu. Kisu kilekile cha 6,000 kitamgharimu shilingi 23 kwa kila siku ya kazi, ilhali kile cha 300 kingemchukua miaka.

Hesabu hiyo ina sharti moja: kisu ghali kipate mnoaji anayekijua. Jiwe la mashine linalozunguka kwa kasi bila maji huunguza ukingo. Chuma kikigeuka buluu, joto limefika kama nyuzi 300 na ugumu wa sehemu hiyo umekwenda. Visu vingi vinavyolaumiwa kwamba "vimechoka" viliunguzwa namna hiyo. Kinoo cha maji au baiskeli ya mnoaji inayokanyagwa polepole ni salama zaidi kuliko mashine ya kukatia vyuma.

Hukumu basi ni hii. Mchinjaji, mkata minofu na mwenye hoteli ya samaki wanunue kisu cha kazi chenye jina, cha bei ya kati, na waache vile vya Kijapani kwa wenye muda wa kuvibembeleza. Mkataji wa miwa na mvuna mafunjo wa Dunga wanunue panga jembamba lililofuliwa vizuri, la kiwandani au la springi, na fedha inayobaki iende kwenye tupa. Bahati yao ni kwamba maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo panga lililofutwa na kupakwa mafuta kidogo halitashambuliwa na kutu kwa kasi ya lile la mvuvi wa Lamu. Kisu cha msituni cha elfu kumi na tano kinunuliwe na anayekipenda, akijua analipia mapenzi.

Atakayekwenda Kibuye mjini Kisumu Jumapili, siku kubwa ya soko hilo, akague mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Aangalie kama chuma kimeingia mpinini hadi mwisho na kufungwa kwa ribiti, kwa kuwa bapa linalochomoka hewani ni hatari kwa kila aliye karibu. Alipinde panga kidogo aone kama linarudi lilivyokuwa. Halafu aombe tupa na kuipitisha mara moja kwenye ukingo: ikizama kama kwenye sabuni, alirudishe mezani, na ikiuma kwa shida kidogo, aanze kupatana bei.